Wanafunzi 84 kwenye nyumba ya vyumba vidogo: uchambuzi wa ziara moja ya shule

Majina nimeyatoa yote, ya shule, ya nyumba na ya watu, na vitu viwili vitatu ambavyo mtu angevisoma akasema "hawa nawajua" nimevibadilisha kidogo. Kisa nimekipata kwa mwalimu aliyesimamia ziara, nitamwita Mwalimu Kiongozi, pamoja na makaratasi yake ya maandalizi, halafu nikaongea pia na dada anayeshughulika na shule pale makumbusho. Nimekichagua kwa sababu hakuna aliyeumia wala aliyepotea, watoto walirudi wamefurahi, na bado ukikaa na ratiba yao unaona sehemu nyingi ambazo mambo yaliponea chupuchupu. Ziara zinazoharibika kabisa zinaandikwa sana, hizi za "ilienda poa tu" hazichambuliwi kabisa, na ndo nyingi.

Usuli

Wanafunzi wa miaka 11 na 12, madarasa matatu ya watoto 28 kila moja, jumla 84. Walikuwa kwenye mada ya maisha ya watu karne ya 19 na walimu wakaona kitabu hakitoshi, wawapeleke kwenye nyumba ya tajiri mmoja mfanyabiashara iliyohifadhiwa, mwendo wa kama saa moja na nusu kwa basi. Familia iliishi mle vizazi kadhaa, baadae nyumba ikakabidhiwa kwa taasisi inayoitunza. Ina sehemu ya chini na ghorofa moja, ua nyuma wenye majengo madogo ya kazi, na bustani mbele. Samani nyingi ni zile zile za wenyewe na ziko pale pale walipoziacha.

Hapa lazima niseme kitu kabla ya kuendelea maana kisa chote kimekaa juu yake. Jumba la makumbusho la kawaida limejengwa ili lipokee watu, lina milango mipana, ukumbi, lifti, vyoo vya kutosha. Nyumba ya mtu ilijengwa kwa ajili ya familia moja na watumishi wao bas. Korido inapitisha mtu mmoja na nusu, sakafu ni mbao za zamani, ngazi imesimama wima, na huwezi kubomoa ukuta kupanua kwa sababu ukuta wenyewe ndo kitu watu wanachokuja kuona. Aliyefika nyumba ya Anne Frank kule Amsterdam, yule msichana Myahudi aliyejificha mle wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, anajua habari ya zile ngazi, na anajua pia kwamba huingii mpaka uwe na tiketi yenye saa yako. Nyumba ndo inaamua, sio mgeni.

Mpango wa kwanza na kwa nini haukufika popote

Mwalimu Kiongozi alianza pale wanapoanza wengi, na basi. Akapata mabasi mawili, akapata tarehe ambayo yote yako wazi, ikaangukia Ijumaa, akapiga mahesabu mepesi: madarasa matatu, kila darasa saa moja ndani ya nyumba, wengine wanacheza bustanini wakisubiri zamu, saa tatu zinatosha, chakula, nyumbani. Akatuma barua pepe makumbusho kuomba nafasi.

Jibu likaja limeandikwa kwa upole sana lakini limevunja kila kitu: chumba kimoja kisizidi watu 15 kwa wakati mmoja, kila ghorofa inapokea kundi moja tu, mabegi hayaingii, kalamu za wino haziingii, na vyoo vya wageni viko viwili.

Makumbusho wakapendekeza shule ije siku mbili. Mkuu wa shule akakataa, mabasi siku mbili hayapo kwenye bajeti, na ukiacha hela kuna suala la vipindi vya madarasa mengine kukosa walimu mara mbili. Kwa hiyo ikabaki siku moja. Mimi naona mkuu alikuwa na hoja, ila hakuna aliyekaa akauliza siku moja itagharimu nini kwa upande wa watoto wenyewe, yaani mtoto mmoja atakuwa ndani ya nyumba dakika ngapi na nje dakika ngapi. Hilo lilikuja kujulikana baadae kabisa.

Safari ya kukagua

Uamuzi mzuri kuliko yote kwenye kisa hiki ni kwamba Mwalimu Kiongozi alienda mwenyewe wiki tatu kabla, akamchukua na mwalimu mwenzake mmoja, wakapita njia yote ambayo watoto watapita huku wanaangalia saa. Sio kutembea kama mtalii, walipita kama kundi.

Wakagundua mambo ambayo hayakuwa kwenye barua pepe. La kwanza ni ngazi. Inapanda mtu mmoja mmoja anashika mkono wa ngazi, na kundi la juu haliwezi kushuka wakati la chini linapanda, kwa hiyo kubadilishana tu kunakula kama dakika tano. Walikuwa wamepanga dakika 20 kwa kila ghorofa, kumbe ni 25. Inaonekana ndogo. Ila kwa makundi 6 ya watoto 14 yanayofuatana, kundi la kwanza linapopanda la pili linaingia chini, unapata zamu 7, na zamu 7 za dakika 20 ni dakika 140, za dakika 25 ni 175. Zaidi ya nusu saa imemezwa na ngazi.

La pili ni maelezo ya mwongozaji. Walimsikiliza akiwapitisha kama wageni wa kawaida na kwenye kabati moja la vyombo chumba cha kulia wakasimama zaidi ya dakika kumi. Sahani zilitoka wapi, nani alimzawadia nani, harusi ya mwaka gani. Mwalimu mwenzake alimnong'oneza, "hapa watoto wangu wangeshalala." Na kweli, ziara nzima ilikuwa inahusu mwenye nyumba na vitu alivyonunua.

La tatu ni mwanga. Madirisha yalikuwa yamefungwa karibu yote, ndani giza giza, na walimu wakadhani labda umeme umekatika. Wakaelezwa kwamba ni makusudi, maana vitambaa, karatasi na picha za rangi ya maji kwa kawaida zinawekwa kwenye mwanga wa luksi 50 tu hivi (luksi ni kipimo cha mwanga), za mafuta zinavumilia kama 200, na madhara ya mwanga yanajumlishana, kilichopauka hakirudi. Wakaona hili watoto lazima waambiwe mapema la sivyo itakuwa "mbona giza" kila mlango.

La nne ndo lililowasumbua. Kwenye darasa mojawapo kulikuwa na mtoto anayetembea kwa magongo baada ya upasuaji wa mguu, na juu hakuna njia nyingine zaidi ya ngazi.

Maamuzi, na sababu zake

Walirudi wakakaa. Nitayapitia maamuzi yale makubwa tu.

*Nje iwe sehemu ya ziara.* Walipopiga hesabu wakaona kila mtoto atakuwa ndani dakika 50 tu kati ya karibu saa tano za kuwa pale. Kwa hiyo ile habari ya "wengine wanacheza bustanini" ikafutwa, vikawekwa vituo nje. Ua wa nyuma wenye jiko, kisima na chumba cha watumishi. Meza ya vitu vya kushika, vya kuigiza sio vya asili, kama pasi ya mkaa na ubao wa kufulia. Meza ya nyaraka. Na sehemu ya kuchora mbele ya nyumba ambapo mtoto anatafuta kwenye ukuta dalili za mabadiliko, mlango ulioziba, dirisha lisilofanana na wenzake. Kituo cha tano ni kula na choo, na kiliwekwa kama kituo kabisa chenye dakika zake, kwa sababu vyoo viwili kwa watoto 84 wakienda wote saa ya chakula ni balaa. Basi pia lilipangiwa kusimama njiani kabla ya kufika.

*Maelezo yaanzie mlango wa nyuma.* Hapa kulikuwa na mvutano kidogo. Mwongozaji alisema, "Mwalimu, wageni wote huwa tunawaanzia sebuleni, ndo nyumba inavyosomeka." Mwalimu Kiongozi akamjibu kwamba sebuleni ndo inavyosomeka kwa mgeni wa mwenye nyumba, ila wanaofanya kazi hawakuingilia huko. Wakakubaliana waanzie kwenye korido ya jikoni.

Hili sio wazo la mwalimu mmoja mkorofi. Mount Vernon, nyumba ya George Washington, rais wa kwanza wa Marekani, ilikuwa na watu 317 walioshikiliwa utumwani mwaka 1799 alipofariki, na ukipita pale ukaambiwa tu habari ya jenerali na samani zake umeambiwa habari ya watu wachache sana. Monticello, nyumba ya Thomas Jefferson, rais mwingine wa Marekani, mwaka 2018 walifungua onyesho linalomhusu Sally Hemings, mwanamke aliyekuwa mtumwa wake na aliyezaa naye, kwenye jengo lile lile ambalo miaka mingi mgeni hakuelezwa chochote. New York kuna jengo la wapangaji la 97 Orchard Street, la 1863, ambalo makumbusho yake yote ni maisha ya wahamiaji maskini waliopanga mle. Kwa hiyo nyumba hizi zenyewe zimeshahama kutoka kwenye samani kwenda kwa watu. Kilichochelewa mara nyingi ni karatasi ya maswali ya shule.

*Swali moja.* Badala ya karatasi ndefu walitengeneza kadi ndogo yenye swali moja: "Chagua kazi moja iliyokuwa ikifanyika humu kila siku. Nani alikuwa anaifanya, kwa kutumia nini, na umejuaje?" Ile "umejuaje" ndo imebeba kila kitu, inamlazimisha mtoto aonyeshe kidole kwenye kitu. Mwalimu wa darasa moja hakukubali, alisema watoto wake bila karatasi ya maswali watazurura tu, na hakulazimishwa. Kwa hiyo darasa lake, nitaliita A, lilienda na karatasi ya maswali 22, na B na C wakaenda na kadi. Haikuwa utafiti, ilikuwa ni kuepusha ugomvi wa ofisini, ila imetusaidia sana kwenye kulinganisha.

*Watoto waijue sehemu kabla hawajafika.* Walionyeshwa ramani ya nyumba, picha za mlangoni, wapi watakula, choo kiko wapi, kwa nini ndani giza, kwa nini mabegi yanabaki kwenye basi. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1970 watafiti wa ziara za shule wameonyesha kwamba mtoto akiwekwa mahali papya kabisa akili yake inaanza kwanza kuchunguza mahali penyewe, na somo ulilopanga linasubiri. Ukimtoa ugeni darasani, unapata zile dakika 50 zikiwa nzima. Duka la zawadi wakaamua haliingiwi kabisa. Nawaunga mkono.

*Mtoto wa magongo.* Wazo la kwanza lilikuwa abaki chini na mtu mzima aangalie picha za juu kwenye tableti. Mama yake alipopigiwa simu aliuliza kitu kimoja tu: "Sawa Mwalimu, na mwanangu atakuwa anafanya nini wenzake wakipanda?" Kuangalia picha sio kufanya. Walimrudia dada wa makumbusho na yeye ndo aliyekuja na jibu, nitalieleza kwenye siku yenyewe.

Siku yenyewe

Mabasi yalitakiwa kufika saa 3:00 asubuhi, zamu ya kwanza ianze 3:30. Wakafika 3:20 kwa sababu kituo cha choo njiani kilikula mda kuliko walivyodhani, zamu ikaanza 3:40.

Kundi la kwanza lilipofika mlangoni, mlinzi wa nyumba akawahesabu, akasema hawaingii. Watoto 14, mwalimu 1, mwongozaji 1, hao ni 16, na kikomo ni watu 15. Watu, sio wanafunzi. Barua pepe ilikuwa imesema watu 15 tangu mwanzo, shule wakasoma wanafunzi 15 na wakajiona wameacha hadi nafasi moja ya akiba, na dada wa makumbusho alipopokea ratiba yenye makundi ya 14 hakushtuka maana na yeye alichukulia 14 pamoja na mwalimu. Kila upande ulikuwa umeiona namba na kila upande ukaridhika.

Pale mlangoni kulikuwa na njia tatu. Kumwomba mlinzi afumbe macho, na kuna mwalimu alijaribu. Kuacha mwalimu nje watoto waingie na mwongozaji peke yake, ambayo kanuni ya shule inakataza. Au kupunguza mtoto mmoja kila kundi. Mwalimu Kiongozi akachagua ya tatu ndani ya dakika mbili hivi: kila kundi litoe mmoja wa kujitolea, wale 6 watakuwa kundi la saba litakaloingia mwisho. Kila kundi likabaki na 13. Zamu zikawa 8, dakika 200, mwisho saa 7:00 kamili badala ya 6:35.

Ndani, korido ya jikoni, ndo kulikuwa na kile kitu cha dada wa makumbusho. Juu ya mlango kuna ubao wenye kengele zimepangwa safu, kila moja imening'inia kwenye springi ya chuma iliyojikunja, na waya unapita ukutani mpaka kwenye chumba chake. Mtu juu akivuta kamba, kengele ya chumba chake inalia jikoni. Nyumba nyingi za matajiri za karne ya 19 zilikuwa na mtambo huu. Nyaya za asili hazivutwi tena, lakini moja ilikuwa imetengenezwa upya kwa ajili ya maonyesho, na kando yake wamefunga nyingine mbili za kisasa za mfano. Mtoto wa magongo alikaa chini kwenye kiti mbele ya ubao, wenzake wakapanda, wakavuta, na kazi yake ilikuwa kusema ni chumba gani. Ya kwanza alikosa kwa sababu aligeuka baada ya mlio kuisha. Ya pili akaangalia vizuri akapiga kelele, "bado inacheza, bado inacheza!", na hapo ndo siri ya ile springi: sauti ikikatika kengele inaendelea kuyumba, mtumishi aliyekuwa anaosha vyombo amegeuza mgongo bado ana nafasi ya kuona nani kaita. Ameelewa mtambo mzima bila kuelezwa. Makundi yaliyofuata yakasikia habari yake bustanini na kila moja likataka mtu wa kukaa chini, ikabidi wapokezane.

Juu, kwenye chumba cha kulala, mtoto mmoja akasema "mbona giza" pamoja na kwamba walishaambiwa darasani. Mwongozaji hakurudia maelezo, akatoa kwenye boksi kipande cha pazia la zamani na kukikunjua. Sehemu iliyokuwa imekunjwa ndani ilikuwa nyekundu nzito kabisa, iliyokuwa inatazama dirisha imepauka mpaka inakaribia rangi ya mchanga, na mstari kati ya hizo mbili umenyooka. Hakuna aliyeuliza tena habari ya mwanga kwenye kundi lile.

Meza ya nyaraka ilikuwa na kopi ya orodha ya mali iliyoandikwa mwenye nyumba alipofariki. Watoto wa darasa C wakaona vijiko vimeandikwa kwa idadi na uzito, vioo vimeelezwa hadi fremu, halafu ukifika chumba cha watumishi ni mstari mmoja: vitanda vitatu, viti viwili vimevunjika. Msichana mmoja akauliza, "Mwalimu, hapa nani alikuwa analala?" Mwalimu akamrudisha kwenye karatasi atafute jina, akatafuta, hakuna. Akaandika kwenye kadi yake kwamba amejua walikuwepo watatu kwa sababu ya vitanda.

Kwenye ngazi ya nyuma, ile ya watumishi, watoto wawili wa B wakaona kingo za mbao zimelika katikati wakati za ngazi kuu bado zina kona kali, wakasema ya nyuma ilitumika zaidi. Mwalimu akawatega, labda ni kwa sababu ngazi kuu ina zulia? Wakabishana mpaka zamu ikaisha na hawakufikia jibu, kwani zulia halifunuliwi.

Darasa A lilikuwa tofauti. Vichwa chini. Walimu wawili waliokuwa nao, pamoja na yule aliyeitetea karatasi, walisema kitu kimoja: watoto wanasoma kibao cha maelezo, wanakopi, wanamwambia mwenzao "namba 9 ni 1850 na kitu", wanahamia kibao kingine. Mwongozaji alisema kuna kundi lilipita kwenye ubao wa kengele bila kuinua macho kwa sababu kengele hazikuwa kwenye maswali.

Saa 5 hivi mtoto mmoja wa pumu akaanza kubanwa kidogo kule uani. Pampu yake ilikuwepo, fomu ilikuwepo, mwalimu alijua. Pampu ilikuwa kwenye begi, begi kwenye basi, na basi lilikuwa limeenda kuegesha mbali maana mbele ya nyumba hapakuwa na nafasi. Mwalimu alikimbia, dereva akapatikana kwa simu, pampu ikafika, mtoto akatulia. Sheria nzuri ya mabegi kubaki kwenye basi ilikuwa imebeba na kitu ambacho hakikutakiwa kubaki.

Kundi la saba, wale 6, waliingia mwisho wakati wengine wanakula. Hapakuwa na mtu nyuma yao wala wa kupishana nao kwenye ngazi, mwongozaji akawaacha wakae chini mbele ya meko na kuuliza wanachotaka. Kadi zao ndo zilikuwa ndefu kuliko zote.

Kilichokufa ni kikao cha kufunga. Kilipangwa dakika 40 bustanini, madarasa yote matatu yalinganishe walichokipata kabla ya kuondoka saa 8:00. Kwa sababu zamu zilisogea, watoto wengine walikuwa bado wanakula, wengine choo, ikabaki kuhesabu watoto na kupanda basi. Na kwa kuwa ilikuwa Ijumaa, mazungumzo yakafanyika Jumatatu.

Matokeo

Jumatatu walimu waliwapa watoto karatasi nyeupe, kila mmoja achore chumba kimoja anachokikumbuka na aandike nani alifanya nini humo. Watoto wa B na C walichora watu. Sio wote, ila wengi: mtu kwenye ngazi ya nyuma, mtu chini ya kengele. Watoto wa A walichora vitu, kabati, kitanda, saa ya ukutani, na tarehe walizozikumbuka zilikuwa nyingi na sahihi kuliko za wenzao. Hilo la tarehe lisipuuzwe, mwalimu wao alilitaja kwenye kikao na alikuwa na haki.

Uchambuzi

Kilichofanya kazi kwanza ni ile safari ya kukagua, lakini niseme ni aina gani ya kukagua. Wengi wanaenda kuangalia kama pana choo na pa kula. Hawa walipima mwendo, na walitafuta sehemu nyembamba kuliko zote kwenye njia, ambayo ni ngazi, wakaitumia kupanga kila kitu kingine. Kwenye nyumba ya namna hii ratiba inaanzia kwenye chumba kidogo kuliko vyote na ngazi, halafu ndo unatoka nje mpaka unafika kwenye basi. Ukianzia kwenye basi kama walivyofanya mwanzoni utapata ratiba nzuri sana ya kufika.

Lakini walipima mwendo wakasahau kuhesabu vichwa. Wakati wa kukagua walikuwa wawili na mwongozaji, watu watatu kwenye chumba cha watu 15, hakuna aliyebanwa kwa hiyo hakuna aliyeuliza. Swali lilikuwa la sekunde tano: 15 pamoja na sisi au bila sisi? Na lilitakiwa kuulizwa na pande zote. Dada wa makumbusho mwenyewe amekiri fomu yao ya maombi sasa ina mstari tofauti wa watoto na wa watu wazima.

Uamuzi wa mlangoni wa kutengeneza kundi la saba nauona mzuri kwa sababu haukuvunja kanuni ya yeyote na haukumwonea mtoto, walijitolea. Kuhusu kadi zao kuwa ndefu, tuwe waangalifu. Walikuwa 6 tu, na mtoto anayejitolea kungoja mpaka mwisho huenda ni yule yule ambaye angeandika sana hata hivyo. Ila utulivu walioupata ulikuwa wa kweli, na mwongozaji alisema ndo kundi pekee ambalo yeye aliulizwa maswali kuliko alivyoongea.

Habari ya mtoto wa magongo inafundisha zaidi ya suala la ulemavu. Swali la mama yake, "atakuwa anafanya nini", lilisukuma watu kutafuta kazi badala ya mbadala, na kazi iliyopatikana ikawa bora kuliko ya waliopanda. Wangelibaki na tableti wasingeligundua kwamba mtambo wa kengele unaeleweka ukiwa chini, pale pale alipokuwa anasimama mtumishi.

Karatasi ya maswali 22 dhidi ya kadi: mimi niko upande wa kadi, sifichi, lakini naona kilichoiangusha karatasi sio wingi tu. Karibu kila swali jibu lake lilikuwa kwenye kibao. Maswali yakitengenezwa kutokana na vibao, mtoto atasoma vibao, na vibao angeweza kuvisomea darasani bila kupanda basi. Ngazi iliyolika, mstari kwenye pazia, vitanda vitatu visivyo na majina, hivyo havipo kwenye kibao chochote. Upande wa pili kadi iliwaacha watoto wawili watatu wa C wamesimama hawajui waanzie wapi, na mwalimu alitakiwa awe na swali dogo la kuwasukuma, hakuwa nalo.

Dawa: kitu cha mtoto kinachohusu uhai kinatembea na mtu mzima wa kundi lake, kwenye kipochi, sio kwenye begi. Hili halina mjadala.

Ijumaa ilikuwa ni tarehe ya basi, sio ya ziara. Siku mbili za kupoa kabla ya mazungumzo zilipunguza makali, na mwalimu wa B anasema ule ubishi wa ngazi na zulia Jumatatu ulikuwa umeshakufa, watoto walikumbuka tu kwamba walibishana.

Walichobadilisha mwaka uliofuata

Waliomba tarehe kwa makumbusho kwanza, basi baadae, wakapata Jumanne. Makundi ya watoto 12, ili likitokea lolote nafasi ipo. Zamu ya kila ghorofa wameipa nusu saa nzima, na kikao cha kufunga kimehamishiwa darasani kesho yake asubuhi, hakipangwi tena bustanini. Mwongozaji sasa anaanzia korido ya jikoni kwa shule zote zinazokuja, sio yao tu.

Siku mbili bado mkuu hajakubali. Wamefikia kwamba madarasa mawili yaende na la tatu liende muhula mwingine na mada nyingine kwenye nyumba ile ile, na mwalimu wa darasa A ndo aliyeomba liwe lake. Karatasi yake sasa ina maswali 9, na matatu kati ya hayo yanaishia na "umejuaje".